Upepo wa Kiwanja cha Jirani

Hoja nilizozisikia Kileleshwa mwaka huu, wazee wa mtaa wanasema waliwahi kuzisikia neno kwa neno zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Maji hayatatosha. Barabara ni nyembamba. Watu wenyewe hatuwajui. Watoto watachezea wapi? Kilichobadilika ni msemaji tu. Wakati ule walalamikaji walikuwa wenye nyumba za chini, zenye bustani na ua wa kayaba, waliokataa kujengewa fleti za ghorofa nne. Leo ni sisi tunaokaa ndani ya fleti hizo, na tunachokataa ni jengo la ghorofa 18.

Jengo lenyewe bado ni michoro. Limepangwa kusimama nyuma ya kwetu, katika kiwanja cha nusu ekari chenye nyumba ya zamani ya vigae, miparachichi miwili na mjakaranda ambao kila Oktoba hutumwagia maua mpaka kwenye maegesho. Mwenye kiwanja ni bibi mjane. Amekubaliana na mwekezaji, na tangu habari ienee kuna watu wamekata salamu naye.

Utulivu huu tunaoulilia una historia yake. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, na haikupita muda wakoloni wakaigawa kwa rangi ya ngozi. Miinuko ya magharibi ikawa ya Wazungu, Wahindi wakapata Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki. Kileleshwa ikaangukia upande wa Wazungu. Mwafrika aliyelala huku alilala SQ, kile chumba cha mtumishi nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mtu anaposimama mkutanoni kutetea "hali ya asili ya mtaa wetu", mimi hujiuliza anatetea asili ipi.

Baada ya uhuru nyumba zile zikapata wenyeji wapya, wengi wao watumishi wa serikali. Mwongozo wa upangaji wa jiji wa 2004 ukaruhusu fleti zisizozidi ghorofa nne katika maeneo kama Kileleshwa na Kilimani. Bei ya ardhi nayo ikapanda hata mjenzi akawa haoni faida katika nusu ekari asipokwenda juu. Vibali vya kupita ghorofa nne vikatolewa kimoja baada ya kingine, na sasa ni vigumu kuinua macho mtaani usione kreni. Ikaja pia sheria ya 2020 inayomwezesha mnunuzi wa fleti kupata hati miliki ya nyumba yake mwenyewe, badala ya kubaki na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo. Watu wakapata moyo. Siku hizi mtu ananunua vyumba viwili vya ghorofa ya kumi na msingi haujachimbwa.

Mkutano wa kutusikiliza ulifanyika Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Mradi unaohitaji tathmini kamili ya mazingira hauna budi kuitisha mikutano ya hadhara na wale utakaowagusa. Ndivyo zinavyosema kanuni za 2003, na zinataka isipungue mitatu. Mtaalamu anayeiendesha hulipwa na mwenye mradi. Huo ndio utaratibu, nami sijawahi kuupenda.

Kabla hata ya sala ya kufungua, karatasi ilianza kupitishwa: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Watu wakasaini huku wakinyoosha mkono mwingine kupokea soda. Ilipomfikia mwalimu mmoja mstaafu wa jengo letu, alivaa miwani, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, kisha akamwita kijana aliyekuwa akiigawa.

"Mwanangu, hapa sioni mahali pa kuandika kwamba sijakubali."

"Mwalimu, hiyo ni ya mahudhurio tu."

"Najua ni ya mahudhurio. Ikifika kule ofisini itakuwa ya nini?"

Kijana akacheka, akakosa la kusema. Mwalimu akatoa kalamu yake mwenyewe na kuandika kando ya jina: "Nimehudhuria. Sijaafiki." Waliokaa karibu naye wakaiomba karatasi irudi. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana orodha hiyo ndiyo hubandikwa mwishoni mwa ripoti kama ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa. Afisa atakayeisoma mezani kwake hataona kwamba nusu ya ukumbi walizomea. Ataona sahihi, moja chini ya nyingine, safi kabisa.

Wakasema waliosema. Mmoja alizungumzia kivuli, kwamba sebule yake haitaona jua baada ya saa tisa. Mwingine alizungumzia faragha. Mama mmoja aliyenunua fleti yake kwa mkopo wa benki alilia kwamba thamani itaporomoka, na kabla hajaketi mwenzake akasema kinyume, kwamba itapanda. Halafu yule bibi mwenye kiwanja akaomba kuzungumza.

"Nimewasikia, wanangu," alisema. "Miaka yote mmekula upepo wa kiwanja changu. Madirisha yenu yanafungukia miti yangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kodi ya ardhi naitoa wapi. Hayo majengo yenu yalipopanda, jua langu la jioni likaenda, nikanyamaza. Leo nauza changu, mnasema naharibu mtaa."

Mwenyekiti alijaribu kumkatiza kwa adabu, akashindwa.

Nimeyarudia sana maneno ya bibi huyu moyoni. Kwa miaka yote niliyoishi hapa nilihesabu ule mjakaranda kuwa sehemu ya nyumba ninayoilipia. Haikuwa hivyo. Mwenye fleti ananunua kuta, sakafu na sehemu yake ya ngazi. Mwangaza wa dirishani aliupata kwa sababu jirani hakuwa bado amebanwa na maisha. Tungetaka miti ile ibaki, tungekaa na bibi mapema na kutafuta namna ya kuchangia, au tungeishinikiza kaunti inunue viwanja kama hivyo viwe bustani za umma. Hatukufanya lolote kati ya hayo. Tulisubiri bango la mradi, kisha tukaanza kumfundisha mjane wa watu thamani ya mti.

Lakini hilo halifanyi ghorofa 18 kuwa jambo jema. Swali zito zaidi lilitoka kwa jirani mmoja anayezijua kazi za mabomba: bomba la maji taka la barabara yetu lilitandazwa kwa ajili ya familia moja kila nusu ekari, je, litabeba familia mia na zaidi kutoka kiwanja kimoja? Mtaalamu alieleza kwamba kutakuwa na mtambo wa kusafisha maji taka ndani ya jengo, na kisima cha kuchimba kwa maji ya matumizi. Hakusema ni nani atakayelipia umeme wa mtambo huo miaka kumi baadaye, mjenzi akishauza fleti ya mwisho na kwenda zake. Kuhusu kisima, majirani kadhaa tayari wanavuta maji ardhini, na kisima kipya hakifanyi akiba iliyo chini iongezeke.

Kisha mtaalamu akatuuliza, bila kejeli, majengo yetu yanamwaga wapi. Tukatazamana. Aliyejibu ni mtunza jengo letu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwa kuwa viti vilikwisha. Alisema bomba letu huziba kila mvua za masika, naye huita gari la kunyonya. Likichelewa, uchafu hufuata mtaro mpaka Mto Kirichwa. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tukizungumzia uchafuzi wa mto dakika chache kabla.

Huyo ndiye mfanyakazi pekee aliyesema neno siku ile. Mama anayetuuzia sukuma wiki na nyanya langoni hakualikwa, ingawa yuko mtaani saa nyingi kuliko wengi wetu. Nilipomuuliza anauonaje mradi, alisema yeye anahesabu wateja. Baada ya kunifungia nyanya akaongeza kwamba majengo marefu huja na supamaketi chini.

Chama cha wakazi kilipoandika barua ya kupinga, rasimu ilikuwa na sentensi kuhusu "kuongezeka kwa watu wasiojulikana". Niliomba iondolewe, na tukabishana jioni nzima. Abiria aliyekwisha kupata kiti ndiye wa kwanza kumpigia makanga kelele kwamba matatu imejaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na ni lazima walale mahali. Wakija kukaa karibu na kazi zao, hilo si kosa lao wala hasara yetu. Sentensi iliondolewa. Hoja ya bomba, ya kisima na ya idadi ya ghorofa zilibaki, na barua hiyo niliisaini nikiwa nimeisoma.

Msimamo wangu ni huu: bibi auze, pajengwe, lakini pasijengwe kuliko bomba linavyoweza kubeba, na uthibitisho wa hilo utolewe na mamlaka ya maji badala ya mtu anayelipwa na mjenzi. Leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikitoka, sheria inampa asiyeridhika siku 60 za kukata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira. Kwa wenzangu mnaokaa ghorofani, katika mtaa wowote ambako bango kama hilo litasimikwa, nawaomba: hudhurieni, andikeni kando ya sahihi zenu mlichokisema, na kabla ya kwenda mkutanoni mwiteni mtunza jengo wenu awaonyeshe bomba la kwenu linaishia wapi.