Singapore, Mji Uliongoja Maji Miaka Ishirini

Msafiri aendaye kwa miguu kutoka mto wa Singapore, akifuata barabara ya Hill Street, hawezi kukosa kuliona jengo moja la matofali mekundu lililopambwa kwa mistari myeupe. Hicho ndicho kituo kikuu cha zamani cha zimamoto, kilichojengwa katika miaka ya 1908 na 1909, na hata leo kina askari wake na magari yake. Juu yake umesimama mnara. Hapo kale mlinzi alikaa huko juu akitazama mapaa ya mji, apate kuona moshi mapema kuliko watu walio chini.

Jengo hilo hupendeza macho, lakini mji ulikuwa umekwisha kupita umri wa miaka themanini kabla ya kulipata, na sababu za kuchelewa ni mbili tu: maji na fedha.

Singapore ni kisiwa, na kama Mombasa, bandari ndiyo iliyoukuza mji wake. Waingereza walipoanzisha kituo chao cha biashara hapo mwaka 1819, wafanya biashara walikuja mbio kutoka China, Bara Hindi na visiwa vya Kimalaya. Wakajenga maduka membamba yaliyoshikana ukuta kwa ukuta, bidhaa chini na watu juu. Nyumba za maskini ziliezekwa kwa majani ya mnazi wa majini yaitwayo atap, ambayo mtu wa pwani yetu angeyaona akayaita makuti. Kila ajuaye makuti anajua yanavyowaka.

Mwaka 1830 moto uliteketeza karibu Philip Street yote na upande mmoja wa Market Street. Mji haukuwa na mtambo wa kuzimia moto. Katika miaka iliyofuata kazi hiyo ilifanywa na yeyote aliyekuwapo: polisi, askari wa jeshi, mabaharia, hata wafungwa walioletwa kutoka Bara Hindi. Moto ulipoonekana mizinga ilipigwa, na watu wakakimbia na ndoo. Lakini ndoo ijazwe wapi? Visima vilikuwa vichache, na mto hupanda na kushuka pamoja na bahari. Moto ukitokea wakati maji yamekupwa, aendaye mtoni hukuta tope.

Mwaka 1857 tajiri mmoja Mchina, Tan Kim Seng, aliyezaliwa Malacca, aliitolea serikali dola 13,000 za wakati ule ili mji uletewe maji mema. Zilikuwa fedha nyingi kwa mtu mmoja, lakini hazikutosha kujengea bwawa, mitambo na mabomba. Basi yakaanza mambo ambayo kila karani ayajua: makadirio kuandikwa, kupelekwa mbali, kurudishwa, kuandikwa tena. Tan Kim Seng alifariki mwaka 1864 bila kuona hata tone moja. Bwawa lenyewe lilimalizika mwaka 1868 katika bonde lenye msitu kaskazini mwa mji, lakini pampu na mabomba ya kuyafikisha maji mjini yalikuwa bado, na ilipita karibu miaka kumi mingine kabla hayajawa tayari. Bwawa lilijaa maji, na mji uliendelea kununua maji ya kupakiwa katika magari ya ng'ombe.

Mwaka 1882 wakuu wa mji walisimamisha chemchemi ya chuma, yenye sanamu na mabakuli, kuwa ukumbusho wa Tan Kim Seng. Mtu aliyetoa fedha zake ili watu wanywe akapewa maji ya pambo. Hata hivyo ni afadhali kuliko kusahauliwa, na wageni wengi humjua kwa sababu ya chemchemi hiyo, ambayo tangu 1925 iko katika bustani ya Esplanade.

Kikosi cha zimamoto chenye mpango kamili kiliundwa mwaka 1888. Hakikuwa na raha. Fedha zake zilitoka kwa Manisipaa, na Manisipaa ilitegemea kodi za wenye nyumba. Ni vigumu kumshawishi mlipa kodi juu ya zimamoto, maana barabara huiona na taa huiona, lakini kazi ya zimamoto haioni mpaka siku nyumba ya jirani iwakapo.

Tena kuwa na bomba si kuwa na maji ya kuzimia moto. Wakulima wagawanao mfereji wanalielewa jambo hili: aliye juu huchota sana, na aliye mwisho hupata mchirizi. Bomba jembamba huweza kumjazia mama mtungi wake, lakini mpira wa zimamoto ukifungwa hapo maji hayapandi hata dari ya kwanza. Ni lazima maji yasukumwe kwa nguvu, katika bomba pana.

Mapema katika karne ya ishirini Manisipaa ilimwajiri Montague Pett, mtu aliyesomea kazi hiyo hasa. Katika wakati wake kilijengwa kituo cha Hill Street, na kuanzia mwaka 1912 motokaa zikachukua mahali pa farasi.

Lakini mabomba yalifuata barabara, na barabara hazikufika kila mahali. Pembezoni mwa mji vilikua vijiji vya mbao na atap, wakikaa watu wa kipato kidogo. Kimoja kiliitwa Bukit Ho Swee. Neno bukit kwa Kimalaya ni kilima. Tarehe 25 Mei 1961, siku ya Idi ya kuchinja, moto ulizuka alasiri ukakivamia. Magari ya zimamoto yalikuja, lakini vichochoro vilikuwa vyembamba, watu na vyombo vyao walijaa njiani, na nguvu ya maji katika mabomba ilikuwa ndogo. Watu wanne walikufa, na wapatao 16,000 walikosa makao.

Wakati huu mambo hayakuchukua miaka ishirini. Bodi ya nyumba iliyoundwa mwaka 1960 ilianza kujenga mahali palepale, na kabla ya mwaka kwisha baadhi ya waliounguliwa walikuwa wamehamia katika majumba ya ghorofa, yenye kuta za saruji na bomba la maji ndani ya kila nyumba.