Gari Dogo Lililokataa Kuwaka

Gari la miti likivunjika, kila mtoto huona palipovunjika. Gari linaloongozwa kwa redio huficha ugonjwa wake tumboni. Tena lina sehemu mbili: gari lenyewe, na kisanduku cha kushika mkononi. Kisanduku hupeleka mawimbi hewani, nalo gari huyapokea na kwenda. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliongoza mashua ndogo namna hiyo huko New York, mbele ya watu, bila kamba wala waya.

Mwaka jana, baada ya Pentekoste, gari la namna hii lilileta ugomvi hapa Ntoto. Mtoto mmoja aliletewa na mjomba wake kutoka Goma. Jumapili moja akamwazima mwenzake. Mwenzake akabonyeza swichi, kimya. Basi mama wa mwenye gari akadai kuku wawili, kwa kuwa aliyelishika mwisho ndiye aliyeliharibu. Kwao yule mwenzake walikuwa na kuku watatu tu. Hakuja tena darasani.

Nikaomba nilione gari kwanza. Je, mgonjwa ni nani, gari au kisanduku? Tuliwasha kisanduku, taa yake ikawaka. Tukawasha gari, taa haikuwaka. Basi kisanduku tukakiweka kando.

Gari lilikuwa na betri nne, zile ambazo wengine huziita mawe. Kila moja ina volti 1.5, na zikipangwa vema huwa volti 6. Tukatia mpya, kila kichwa penye alama yake ya kujumlisha, na kila kitako juu ya springi. Bado kimya.

Ndipo nikawaambia watoto wachungulie mahali pa betri. Springi moja ilikuwa na unga mweupe. Betri ikichoka na kuachwa muda mrefu huvuja, na dawa inayotoka ni kali, huchoma ngozi. Kwa hiyo hatukutumia vidole, bali kijiti chenye kitambaa na maji ya limau. Unga ukatoa povu, ukalainika, ukatoka. Tukapakausha vizuri.

Nyuma ya springi ile tukaona waya uliokuwa umeliwa mpaka ukakatika. Nikapasha moto msumari mnene katika makaa, nikaulehemu waya mpya kwa bati. Bati hutoka katika madini ya kasiterite, kama yale yanayochimbwa Bisie katika Walikale yetu. Tukabonyeza swichi. Taa ikawaka!

Nikamwuliza mwenye gari, “Betri zile ulizitia lini?”

“Siku ya Krismasi, Mwalimu. Nilicheza wiki moja, halafu nikaliweka gari ndani ya sanduku.”

“Pamoja na betri?”

Akatazama chini. Kutu ya kukata waya haioti kwa alasiri moja.

Mama yake aliuweka ule waya mweusi kiganjani, akautazama kitambo, kisha akasema kuku wakae kwao. Betri iliyovuja na wenzake tukazifunga katika mkebe. Hazitupwi motoni, maana huweza kupasuka, wala katika kijito tunachochota maji.

Asubuhi yake yule mtoto alirudi darasani, akaniuliza kama anaweza kujifunza kuushika ule msumari wa kulehemu.