Vipini vya Nchi ya Chai



Wengi wetu wa pwani twaijua Kericho kwa kikombe tu. Tulipoufikia mji ule, ulio yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tuliyaona yale tuliyosimuliwa: vilima vilivyotandikwa kijani mithili ya busati, baridi ya asubuhi iliyowafanya wanawake wetu wajitande mitandio miwili, na alasiri mvua, mara nyingine ya mawe. Lakini kilichotushughulisha zaidi ni visu.

Mgeni hudhani kuwa chai haina haja na kisu, kwa kuwa huchumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi lake. Katika mashamba makubwa zimeingia mashine za kuchumia, na mwaka 2023 baadhi yake zilichomwa moto na watu waliolalamikia kazi zao. Kwa wakulima wadogo wa Kericho na Bomet mkono ungali ndio mashine. Kila baada ya miaka mitatu au minne mchai hupogolewa, hukatwa matawi yote ya juu hata ukabaki vijiti vitupu, kisha ukachipuka upya. Kazi hiyo hufanywa kwa kisu kizito kilichopinda, mti baada ya mti, mikono ikiwa imelowa. Kipini kikilegea, makali hugeuka mkononi. Hapo kisu hupasua tawi badala ya kulikata, na tawi lililopasuka huingia maji likaoza. Au huteleza kikaenda mguuni.

Ndiyo maana katika masoko ya njia iendayo Litein, Kapkatet na Kaplong, fundi wa vipini hakosi kazi. Tulimwamkia mmoja wao, mzee wa makamo, kwa "Chamgei," naye akatujibu kwa Kiswahili safi na kutukaribisha kwenye benchi lake. Tulikuwa na visu vitatu vya nyumbani ambavyo vipini vyake vilikuwa vimekwisha.

Kwanza aliuchunguza msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya kipini, akausugua kutu kwa tupa. Kisha akatwaa kipande cha mzeituni mwitu, jamaa ya mti ule uliobarikiwa unaotajwa katika Surat An-Nur. Hakuukata porini, ulikuwa nguzo ya ua wa zamani. Katika nchi ya mvua kama ile, alisema, mti mbichi ni hasara, kwa kuwa hunywea ukikauka na kupasuka pale pale penye msumari. Akaupasua vipande viwili, kimoja kila upande wa msuka, akatoboa matundu matatu na kuzipanua kidogo midomo yake.

Hapo ndipo alipotuuliza tutokako. Tulipomwambia Mombasa, akaiweka kando misumari ya chuma aliyokwisha kuikata. Chumvi ya bahari, alisema, itaila misumari hiyo na kuutia mti weusi. Akatafuta waya wa shaba, ule wautumiao wachomeleaji, akakata vipande vilivyochomoza kidogo tu kila upande.

Tulitaraji nyundo ya nguvu. Akagonga kama abishaye hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa: polepole, kwa kuzunguka ukingo wa shaba, kisha akakigeuza kisu na kugonga upande wa pili, akakigeuza tena. Kichwa cha shaba kikatanuka kidogo kidogo hata kikaujaza mdomo wa tundu. Pigo moja kubwa, alisema, huupasua mti, na ufa wenyewe huuoni mpaka baada ya mwezi.

Neno hilo la ufa lilitugusa kwa sababu nyingine. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tukinoe kisu cha kuchinjia na kumpunguzia mnyama taabu, na kila Idi ya kuchinja twashindana kunoa. Kipini hatukitazami. Katika mwanya baina ya mti na msuka huingia damu, na damu ya machinjo ni najisi. Maji ya kuoshea juu juu hayaifikii. Akina mama waliokuwa nasi walivitazama vile vipini vikuukuu vilivyotupwa chini, na mmoja wao akauliza kwa sauti ndogo ni mara ngapi vimekata nyama za futari.

(Kiswahili chetu nacho kina mambo yake: shikio la kisu na pambo la pua yote ni kipini.)

Alipokwisha kusawazisha kwa tupa na msasa, hakukuonekana kichwa kilichochomoza. Vitone vitatu tu vya manjano, na kidole hakihisi mahali mti unapokoma na shaba inapoanza. Akavipaka mafuta ya kitani. Tulikuwa na haraka ya gari la jioni, lakini alikataa kutupa visu, kwa kuwa mafuta yalikuwa hayajanyweka. Tukalala Litein. Asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya michai, akavikung'uta kimoja kimoja karibu na sikio lake, akasikiliza, kisha akavifunga kwa gazeti na kuzizungushia ncha zake maganda makavu ya mgomba.