Ua la Bogenvilia Si Ua

Haya jamani, leo hakuna kichekesho. Leo naongea kuhusu ule mti mnaouona nyuma yangu kwenye video.

Kwetu Likoni, mlangoni, mama ana bogenvilia ya zambarau imepanda ukuta mpaka yamwagikia njiani. Mwaniuliza kila siku: "Hayo maua yaitwaje?"

Sasa sikilizeni: hayo si maua. Yale ya rangi ni majani, yamegeuka rangi ili kuvutia wadudu. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo hapo katikati. Nimekua na mti huo na sikujua mpaka majuzi, nilipoanza kuusoma.

Tena si wa kwetu. Asili yake ni Amerika Kusini. Jina limetoka kwa Bougainville, nahodha Mfaransa ambaye safari yake ilipita Brazil mwaka 1767. Melini mlikuwa na mtaalamu wa mimea, Commerson, na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume, maana meli zile hazikuruhusu wanawake. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia.

Nikasema, huyu tunajuana. Mimi pia nimewahi kujificha.

Nlipoacha chuo sikumwambia mama. Miezi minne nilitoka asubuhi na begi mgongoni, nikavuka feri, nikakaa Mama Ngina nikiediti video mpaka jioni. Feri ni bure kwa mtu wa miguu. Lakini mama alikuwa akinipa mia ya matatu ya ng'ambo, kila siku, pesa ya mahamri. Mahamri ya kumi kumi, hesabu mwenyewe. Mimi nanunulia bando.

Baret alijificha ili aifanye kazi yake. Mimi nilijificha ili nisiulizwe. Hapo si sawa, tusidanganyane.

Jumamosi moja mama alikuwa akipunguza matawi, nami namshikia ngazi. Akanambia, "Mwanangu, mti huu ukiumwagia maji sana wakupa majani matupu, maua huyaoni." Alikuwa akisema mti. Mimi nikasikia zile mia.

Nikamwambia palepale. Yote.

Akaendelea kukata. Hakunena kitu mpaka baada ya Isha. Nikangoja aulize chuo, aulize ntakuwa nani. Akauliza, "Na zile nauli?"

Basi ndugu zangu, sikwambii uache chuo wala urudi. Hiyo ni yako na kwenu. Nasema tu, kama unatoka nyumbani na begi la uongo, jua kuna mtu ameamka saa kumi alfajiri kukanda unga akiamini hiyo rangi ni ua.

Mimi nauli bado nalipa. Mia mia.