Taji Nililolinyoosha

Picha yangu ya tone la maji lililopasuka juu ya kioo na kufanya taji imesifiwa na watu wengi, na kila nilipoulizwa niliipataje nilijibu nusunusu. Ukweli ni kwamba niliirekebisha, na maelezo niliyoandika chini yake yalikuwa ya uongo.

Niliandika kuwa ni tone la maji juu ya kioo kikavu. Kioo kilikuwa kimelowa. Nilikuwa nimekitandazia utando mwembamba wa maji yaliyochanganywa na maziwa, na tone lenyewe lilikuwa na maziwa pia, maana maji matupu hupitisha mwanga na ukingo wa taji haushiki vizuri kwenye picha. Mengine yalikuwa halali: chumba chenye giza, shata iliyoachwa wazi, na flashi iliyoshushwa nguvu hadi mwanga wake ukawaka kwa muda usiofika 1/10,000 ya sekunde. Muda huo ndio unaolisimamisha tone.

Lakini taji lililotokea lilikuwa limeinamia kushoto. Pembe zake mbili zilikuwa zimegandana. Nyingine ilikatika mapema, na kitone chake kikawa kinaruka chini kabisa, karibu na kioo. Mimi nilikuwa nikiitamani picha mashuhuri ya Harold Edgerton, ile ya tone la maziwa ya mwaka 1957, yenye taji lililokaa sawasawa. Basi nikakaa kwenye kompyuta, nikanakili pembe nzuri za kulia, nikazibandika kushoto, na kile kitone nikakifuta.

Baadaye mwalimu mmoja wa fizikia aliniomba picha ile aibandike darasani. Nilimpa bila kumwambia lolote. Mwanafunzi wake akaenda kujaribu nyumbani: kipande cha kioo, kijiko, maji ya bomba. Tone likaanguka, likatandaa, ukingo wake ukavimba, kisha likajivuta kurudi katikati. Taji hakuna. Akamwuliza mwalimu anakosea wapi, mwalimu akaniuliza mimi, nami nikajibu: mwambie aongeze kimo. Jibu hilo linaniuma kuliko pembe nilizobandika. Binti alikuwa ameona sawasawa kile ambacho maji hufanya kwenye kioo safi kikavu, nami nikamfanya aamini kwamba mkono wake ndio mbovu.

Taji la namna ile huja kwa urahisi pale tone linapokuta utando wa kimiminika, kwa sababu kimiminika kinachosukumwa pembeni huinuka kikawa ukuta, na juu ya ukuta huo ndipo pembe huota. Kwenye kioo kikavu na laini mambo ni mengine, na hata hewa ina mkono wake. Mwaka 2005 Lei Xu, Wendy Zhang na Sidney Nagel wa Chuo Kikuu cha Chicago waliangusha matone ya alkoholi juu ya kioo kikavu ndani ya chombo walichokipunguza hewa. Hewa ilipopungua vya kutosha, tone halikuruka tena. Lilitandaa tu. Ningemweleza binti yule jambo hili, angekuwa na swali zuri la kuendelea nalo.

Nilipomsoma Arthur Worthington, mwanafizikia wa Uingereza, niliona aibu zaidi. Tangu miaka ya 1870 alichunguza matone ya zebaki na maziwa yakianguka juu ya kioo, akiyaona kwa mmweko wa cheche na kuyachora kwa mkono. Michoro aliyoichapisha ilikuwa na ulinganifu mzuri. Alipoanza kuyapiga picha katika miaka ya 1890, akaona michirizo iliyopinda na pembe zisizolingana, akakiri hadharani kwamba hata katika michoro yake ya awali yaliyopinda yalikuwepo, ila aliyaacha nje. Yeye alidanganywa na jicho lililotarajia ukamilifu. Mimi kamera ilinionyesha ukweli, nikaufuta.

Nimempelekea mwalimu picha halisi, lile taji lililoinama na kitone chake, pamoja na nyingine za maji matupu kwenye kioo kikavu yakitandaa na kujivuta. Chini ya kila moja nimeandika kimiminika gani, kimo gani, na kioo kilikuwa katika hali gani. Nimemwomba pia amwambie mwanafunzi wake kwamba hakukosea popote. Mwenye nakala ya picha ya zamani naomba aiondoe.