Kuuguzana

Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii ni ya kweli, lakini ina upungufu mmoja: maiti hasemi. Aijuaye adhabu hana ulimi wa kuieleza, na mwenye ulimi haijui. Nataka kukuonyesha, msomaji, watu waliolijua kaburi la namna nyingine wakarudi na ndimi zao, nao hukutana ili kuelezana.

Kaburi nilisemalo ni maradhi ya hisia. Yako ya namna nyingi, na mawili hujulikana zaidi. Ya kwanza ni sonona: huzuni nzito, au kupotewa na hamu ya kila jambo, ikaayo majuma mawili au zaidi, ikamnyang'anya mtu usingizi, chakula na nguvu za kazi. Ya pili humpandisha mtu na kumshusha. Akipanda, usingizi wa muda mfupi humtosha, husema upesi na hutumia mali kama maji. Akishuka, huangukia katika sonona ile ile. Huu si uvivu, wala si laana. Ni ugonjwa, nao una matibabu.

Ninaye rafiki, mwalimu mwenzangu, aliyeniruhusu nikusimulie habari zake pasipo jina lake. Ameishi na maradhi haya ya pili tangu tulipokuwa katika chuo cha ualimu. Daktari alimpa dawa, nazo zilimfaa. Mkewe alimpa uvumilivu, nao ulimfaa. Walakini palibaki upweke ambao dawa haikuufikia. Alipomwambia kaka yake kwamba asubuhi nyingine hushindwa kuvaa viatu, alijibiwa, “Jikaze, wewe ni mwanamume.” Neno hilo lilitoka katika mapenzi, lakini lilimfunga kinywa.

Baadaye alijiunga na kikundi cha watu kumi na wawili, wote wenye maradhi kama yake. Alipotaja habari za viatu, mama mmoja muuza mboga alisema, “Mimi yangu ni leso. Huishika mkononi mpaka jua likapanda.” Wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Hakupewa shauri lolote siku hiyo, lakini alirudi nyumbani mwepesi.

Taratibu za kikundi ni chache. Lisemwalo hapo hubaki hapo. Atakaye kunyamaza hunyamaza. Hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzako aache dawa au abadili kipimo chake, kwa kuwa hiyo ni kazi ya daktari. Tena kila mmoja hutaja mapema dalili zake, ili wenzake wamtambue kabla yeye hajajitambua. Rafiki yangu alitaja kukosa usingizi. Mwaka jana alifika mkutanoni na furaha nyingi, akieleza jinsi atakavyouza shamba anunue matatu mbili. Yule mama alimwuliza swali moja tu: “Mwalimu, jana ulilala kwa saa ngapi?” Kesho yake alikwenda kwa daktari, na shamba lingalipo. Swali hilo hilo lingetoka kwa mkewe, angedhani anatawaliwa. Kwa mama huyo aliliweza, kwani naye aliwahi kuuza ng'ombe wake wote katika hali kama hiyo.

Kuuguzana kwa namna hii si jambo geni. Huko Chicago, Marekani, daktari Abraham Low alianzisha mwaka 1937 chama cha kusaidiana kwa ajili ya watu waliokuwa wametibiwa hospitalini. Alifariki mwaka 1954, na wanachama wakaendelea kuongoza mikutano yao wenyewe. Hapa Kenya, chama cha Users and Survivors of Psychiatry Kenya, ambacho ni cha wagonjwa wenyewe, kimekuwa na vikundi vya namna hii Nairobi.

Hofu ya kusema ilikuwa na sababu. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa sheria hiyo inapingana na Katiba. Hukumu yaweza kumwondolea mtu hofu ya gereza; hofu ya majirani huondolewa na majirani.

Nawe, msomaji, yamkini unaye mwenzako darasani ambaye siku hizi hacheki, hali wala hasomi. Usimwambie ajikaze. Usijidai kuijua adhabu ambayo hujaionja. Keti naye, umsikilize. Akikutajia kifo, usiifanye siri: mpeleke siku hiyo hiyo kwa mwalimu, mzazi au daktari, hata kama atakukasirikia. Hasira hupoa. Na akipata nafuu, usistaajabu ukimwona ameketi kando ya mwingine, akimwuliza alilala kwa saa ngapi.