Sarufi ya Fuwele Oevu

Mwalimu wa lugha ajua kwamba sauti moja yatosha kugeuza neno: apigaye si apigwaye, na wapigwao si wapiganao. Maada nayo ina sarufi yake, na fuwele oevu ni ukurasa mmoja wa sarufi hiyo.

Likizo iliyopita, huko Muleba, mtoto wa kaka yangu alisahau kikokotoo chake juani, kando ya kahawa iliyoanikwa. Kioo kikawa cheusi chote. Kilipopoa kivulini, tarakimu zikarudi. "Baba mdogo, kilikufa kikafufuka?" akauliza. Yeye yu kidato cha tatu, na kemia husoma kwa Kiingereza. Nilimjibu kwa Kiswahili.

Nilimwambia awakumbuke dagaa ziwani: kundi huenda mbio kama maji, lakini wote wameelekea upande mmoja. Ndivyo zilivyo molekuli za fuwele oevu: hutiririka, na bado hupangika. Mpango huo huipindua nuru ipate kupita katika vichujio vya kioo. Joto likizidi mpango huvunjika, nuru huzuiwa, na kioo huwa cheusi.

Hali hii aliiona Friedrich Reinitzer, huko Prague, mwaka 1888, katika kemikali iliyotokana na karoti. Iliyeyuka kwa nyuzi 145.5 ikawa na ukungu, na ukungu ukatoweka kwa nyuzi 178.5. Nani angebeba moto huo mfukoni? Mwaka 1973 George Gray na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitangaza molekuli nyingine: pete mbili za kaboni zilizoshikana bila daraja kati yake, na mkia wa kaboni tano. Hiyo ni fuwele oevu baina ya nyuzi 24 na 35 hivi. Mkia ukiwa wa kaboni saba, mipaka hupanda hadi 30 na 43 hivi.

Asubuhi ya Bukoba hushuka chini ya nyuzi 20. Molekuli hizo, kila moja peke yake, zingeweza kuganda. Kwa hiyo wanakemia huchanganya za mikia mbalimbali, na jamii hustahimili yaliyomshinda mmoja.

Kijana akanyamaza, kisha akauliza: "Na mkia wa kaboni sita?" Mtu angedhani utakaa katikati. La, mipaka hushuka hadi 14 na 29 hivi. Mkia wa witiri huishia sambamba na mwili, wa shufwa huenda upande, na mpango hulegea.

Swali hilo ni la mwanakemia, nalo lilizaliwa kwa Kiswahili.